Kurekebisha na kuboresha rsync tukiwa Kigoma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu umetokana na maswali tunayoulizwa na watu wanaokuja na laptopu zao mezani kwetu hapa Mwanga. Sisi ni wachache. Kazi yetu ya kila siku ni kupokea takwimu za dagaa na migebuka pamoja na picha kutoka mialo ya Ziwa Tanganyika, kisha kuzifikisha kwenye seva iliyoko Dar es Salaam. Tunatumia rsync. Kidogokidogo tukajikuta tunaichunguza, tunaripoti hitilafu zake na kuandika viraka, yaani mabadiliko madogo ya msimbo yanayorekebisha kosa. Tungependa wengi zaidi waifanye kazi hii, kwa sababu mtandao wetu huonyesha makosa ambayo mtu mwenye nyaya za kasi hatayaona hata akae mwaka mzima.

## Mambo ya msingi

rsync ni nini hasa?

Ni programu huria ya kunakili na kusawazisha mafaili kati ya folda mbili, ziwe kwenye kompyuta moja au kwenye kompyuta zilizo mbali. Iliandikwa na Andrew Tridgell na Paul Mackerras, ikatangazwa Juni 1996. Kwa miaka mingi mtunzaji wake alikuwa Wayne Davison. Imeandikwa kwa lugha ya C, na leseni yake ni GPL toleo la 3, kwa hiyo unaruhusiwa kuufungua msimbo wake, kuusoma na kuubadilisha bila kumwomba mtu ruhusa.

Uzuri wake ni namna inavyobana matumizi ya bando. Upande unaopokea huligawa faili la zamani vipande vipande na kukipigia kila kipande hesabu mbili: moja nyepesi, nyingine nzito. Hesabu hizo ndizo zinazovuka mtandao. Upande unaotuma hulipitia faili jipya baiti kwa baiti ukitafuta vipande vinavyofanana. Kilichokwishafika hakitumwi tena. Faili likiwa dogo, chini ya nusu megabaiti hivi, kipande huwa na baiti 700. Likizidi hapo, ukubwa wa kipande hukaribia kipeuo cha pili cha ukubwa wa faili.

Maana yake ni kwamba daftari la mwezi la mwalo wa Katonga likiongezewa mistari ya leo, kinachosafiri ni mistari ya leo na hesabu za vipande.

Mbona faili langu la Excel hutumwa karibu lote hata nikibadilisha namba moja?

Kwa sababu faili la `.xlsx` ni furushi lililobanwa kwa zip. Ukigusa seli moja na kuhifadhi, data inabanwa upya, na baiti nyingi zinazofuata hubadilika. rsync haioni kufanana kwingi. Hii siyo hitilafu. Hifadhi takwimu kama CSV na utaona tofauti siku hiyo hiyo. Ukilazimika kubana kwa gzip, tumia chaguo lake la `--rsyncable`.

Je, inasawazisha pande zote mbili?

Hapana. Ina upande mmoja wa kutoka na mmoja wa kwenda. Watu wawili wakihariri faili moja, mmoja Kasulu na mwingine Ujiji, atakayetuma wa mwisho atamfutia mwenzake. Kwa kazi ya namna hiyo tafuta Unison au Syncthing. Syncthing ikikuta mgongano huhifadhi nakala ya pili yenye `sync-conflict` ndani ya jina lake, ili nyie wenyewe mwamue ipi ni sahihi.

## Kabla hujasema ni hitilafu

Nitajuaje kama kosa ni la programu au ni la kwangu?

Anza na amri ileile, ukiiongezea `-n` na `-i`. `-n` inaonyesha kitakachofanyika bila kugusa kitu. `-i` inaeleza kwa nini kila faili limechaguliwa. Ukiona `>f..t......` maana yake ukubwa ni uleule ila saa ya faili imetofautiana. Herufi `s` ikitokea kabla ya `t`, ukubwa pia umebadilika. Mstari huu mmoja umetuokolea siku nyingi za kubahatisha.

Kisha angalia namba ambayo rsync huiacha ikimaliza, kwa `echo $?`. Namba 23 inasema baadhi ya mafaili hayakupita, mara nyingi kwa sababu ya ruhusa. 24 inasema faili lilitoweka wakati kazi inaendelea. 30 ni muda wa kusubiri umekwisha. 12 inasema mazungumzo kati ya pande mbili yamekatika ghafla. Hapo kagua kwanza kama diski ya upande wa pili imejaa, au kama rsync haijawekwa kabisa huko.

Kila nikiendesha amri mafaili yaleyale yananakiliwa upya, ingawa hakuna aliyeyagusa. Je, rsync imeharibika?

Swali hili linaongoza kwa kuulizwa, na jibu lake limefungamana na mahali tunapoishi.

Kwa kawaida rsync haisomi yaliyomo kwenye faili. Hulinganisha ukubwa na saa ya mwisho kubadilishwa, basi. Sasa, flashi nyingi ziko kwenye mfumo wa FAT, na FAT huandika saa kama ilivyo ukutani, bila kusema ni saa ya nchi gani. Kigoma tunafuata saa ya Afrika Mashariki, saa tatu mbele ya UTC (saa ya kimataifa). Bujumbura na Kalemie, ng'ambo tu hapo, wako saa mbili mbele ya UTC. Flashi iliyojazwa Bujumbura ikichomekwa hapa, mafaili yake yote yanasogea saa moja kamili.

Sisi tulilijua hilo kwa tabu. Tulikuwa na folda ya picha zilizovuka ziwa kwa flashi, na kila asubuhi zote zilinakiliwa upya. Tuliandika ripoti ndefu ya hitilafu, tukabaki kidogo tu kuituma. Mwenzetu mmoja akaweka orodha mbili za saa ubavuni kwenye skrini: 07:41 na 08:41, 07:43 na 08:43, hivyo hivyo hadi chini. Dakika hazikutofautiana hata moja. Tofauti ikiwa saa moja kamili au saa tatu kamili, usiilaumu programu, kwanza kagua majira ya saa. Saa tatu kamili mara nyingi ni kompyuta iliyoachwa kwenye UTC.

Dawa yake: kwenye Linux funga flashi (yaani iunganishe na mfumo wa mafaili) kwa `mount -o tz=UTC` kwenye mashine zote zinazoitumia, ili tarakimu zilizoandikwa zisomwe namna moja kila mahali. Kwa tofauti ya sekunde moja moja, ambayo hutokana na FAT kuhesabu saa kwa hatua za sekunde mbili, ongeza `--modify-window=1`. Chaguo la `--checksum` nalo linasaidia, ila husoma kila faili mwanzo hadi mwisho, na kwenye diski nzee utachoka kusubiri.

Umeme umekatika katikati. Faili langu limeharibika?

La zamani liko salama. rsync huandika kwanza kwenye faili la muda lenye nukta mbele na herufi sita za bahati nasibu nyuma, kama `.katonga.csv.Xk29fQ`, na hubadilisha jina kazi ikikamilika. Umeme ukikatika upande unaopokea, utakuta hilo la muda limebaki. Lifute kwa amani.

Ili kipande kilichokwishafika kisipotee, tumia `--partial-dir=.rsync-partial`. Tahadhari moja: ukiweka `--inplace`, maneno ya hapo juu hayafanyi kazi tena, kwa sababu inaandika moja kwa moja juu ya faili lako.

Imeganda. Haiendi mbele, haitoi kosa.

Kama hukuweka `--timeout`, rsync husubiri bila kikomo. Weka `--timeout=120` na itakatisha yenyewe kwa namba 30. Upande wa ssh, njia salama ambayo rsync huipitia kufika kwenye seva, ongeza `ServerAliveInterval`. Ikiganda hata baada ya hayo, ripoti.

## Kuripoti hitilafu

Niandike nini kwenye ripoti?

Toleo la pande zote mbili, kwa `rsync --version`. Watu husahau upande wa seva, na mara nyingi huko ndiko kwenye toleo la zamani. Andika mfumo wa uendeshaji, aina ya mfumo wa mafaili, amri nzima kama ulivyoiandika, ulichotarajia, kilichotokea, na maneno ya kosa bila kuyafupisha.

Kisha punguza. Kama kosa linatokea kwenye folda ya mafaili elfu, toa nusu, jaribu. Bado lipo? Toa nusu nyingine. Endelea hadi ubaki na mafaili mawili au moja ambalo mgeni anaweza kulitengeneza kwake kwa amri tatu. Kazi hii inachosha kuliko kuandika kiraka, na ndiyo inayofanya hitilafu irekebishwe. Mtunzaji akiweza kuliona kosa kwenye mashine yake mwenyewe, sehemu kubwa ya njia imekwisha.

Ondoa majina ya watu na ya seva zako kabla ya kutuma. Takwimu za wavuvi siyo mali yako kuzianika.

Niandike saa vipi?

Kwa saa 24 na uonyeshe majira: 09:14 UTC+3. Tuliwahi kupokea maelezo kwamba kosa lilitokea "saa tatu na robo asubuhi", tukaenda kutafuta kwenye kumbukumbu za seva pale palipoandikwa 03:15, tukakuta patupu. Yaliyoandikwa yalikuwa kwenye 06:15, kwa sababu seva ilikuwa kwenye UTC. Sisi wenyewe Waswahili tulipotezana, sembuse mtu wa Australia.

Kiingereza changu ni cha kuunga. Nitaeleweka?

Utaeleweka. Amri, matokeo yake na namba ya kosa ni lugha moja dunia nzima, na ripoti nzuri robo tatu yake ni hizo. Sentensi zinazobaki ziwe fupi: nilifanya hiki, nilitarajia hiki, nimepata hiki. Ukiona ugumu, iandike kwanza kwa Kiswahili kisha tukae pamoja tuigeuze. Watu watatu wamepita kwenye meza hii na ripoti zao zikakubaliwa, na hakuna hata mmoja aliyesahihishwa sarufi.

Kosa linatokea vijijini tu. Nikirudi mjini kila kitu kinakwenda sawa.

Hapa ndipo sisi wa Kigoma tuna kitu cha kuwapa wengine. Ukipanda boti Kibirizi kwenda kaskazini, milima inateremka hadi majini na simu inashika mtandao na kuuachia, inashika na kuuachia. Hali hiyo unaweza kuitengeneza mezani. Kwenye Linux:

`sudo tc qdisc add dev wlan0 root netem delay 400ms loss 5%`

Badilisha `wlan0` iwe jina la kadi yako ya mtandao. Kuanzia hapo kila pakiti inayotoka inacheleweshwa, na kama tano katika kila mia zinapotea. Ukimaliza, `sudo tc qdisc del dev wlan0 root`. Ongeza `--bwlimit=50` kubana kasi, na katikati ya kazi zima wifi kabisa kwa dakika mbili kisha uiwashe.

Kwa njia hii tulikamata kosa lililotusumbua kuanzia masika mpaka kiangazi. Laptopu iliyokuwa Mwamgongo ilikuwa ikileta onyo la `failed verification -- update retained`, na mjini halikutokea kamwe. Tulipotengeneza mtandao mbaya mezani lilitokea jaribio la pili tu. Ratiba yetu ilikuwa inaanzisha rsync kila baada ya nusu saa. Mtandao ukikatika ya kwanza ilibaki imeganda, maana hatukuweka `--timeout`. Ya pili ikaanza. Mtandao ulipoamka, zote mbili zikawa zinaandika faili moja, na tulikuwa tumeweka `--inplace` ili kuokoa nafasi ya diski. rsync yenyewe ilifanya kazi yake vizuri: ilikagua faili zima mwishoni, ikaona halilingani, ikatoa onyo. Kosa lilikuwa letu. Tukaifunga amri kwa `flock` ili isianze mara mbili, tukaweka muda wa kusubiri, onyo likakoma.

Hata kama kosa lingekuwa la rsync, amri ile ya `tc` ndiyo ambayo tungeibandika kwenye ripoti.

## Kugusa msimbo

Lazima nijue C?

Kwa kiraka cha programu, ndiyo, angalau uweze kusoma. Kwa kuchangia, hapana. Mwongozo wa matumizi ni faili la maandishi linaloitwa `rsync.1.md`, na palipokuchanganya wewe pamewachanganya wengine. Ukiweza kueleza vizuri zaidi tabia ya chaguo fulani, huo ni mchango kamili.

Bando langu halitoshi kushusha historia yote ya msimbo.

Mmoja ashushe kwa git, programu inayotunza historia ya msimbo, wengine wapewe kwa flashi. Amri ya `git bundle create rsync.bundle --all` hufungasha historia nzima kwenye faili moja, na mwenzako ataendelea kwa `git clone rsync.bundle`. Kama unataka kusoma tu, `git clone --depth 1` inatosha. Ila kwa upekuzi ulioelezwa kwenye swali la "Toleo la zamani lilikuwa sawa" unahitaji historia yote.

Kujenga kunagoma, `./configure` inalalamika maktaba hazipo.

Unahitaji angalau gcc na make. Maktaba nyingine za ubanaji na za hesabu unaweza kuziruka:

`./configure --disable-xxhash --disable-zstd --disable-lz4 --disable-openssl --disable-md2man`

Kisha `make`, na `make check` kuendesha majaribio yaliyomo kwenye folda ya `testsuite`. Yaendeshe kabla hujabadilisha chochote. Kama kuna jaribio linaloanguka kwenye msimbo usioguswa, lijue mapema, usije ukadhani wewe ndiye uliyelivunja.

Toleo la zamani lilikuwa sawa, jipya lina kosa. Nianzie wapi?

`git bisect`. Unaiambia toleo zuri na toleo bovu, nayo inakupeleka katikati. Unajenga, unajaribu, unajibu `good` au `bad`, inakata tena katikati. Mabadiliko elfu moja humalizika kwa hatua kumi hivi. Mwishoni inakuonyesha badiliko lililoleta kosa, na mara nyingi ukilisoma unaona mwenyewe. Taja badiliko hilo kwenye ripoti hata kama hujui kulirekebisha.

Nimepata tiba. Niitume vipi?

Andika kwanza jaribio linaloanguka kwa sababu ya hitilafu hiyo, halafu kiraka kinachofanya lipite. Kiraka kimoja, kosa moja. Usipange upya mistari wala kusafisha nafasi kwenye msimbo usiohusika, hata kama inakukera macho, maana anayekagua atalazimika kutafuta badiliko lako la kweli ndani ya msitu.

Nimetuma, wiki zimepita, kimya.

Vumilia, halafu uliza kwa upole mara moja. Wanaoitunza ni wachache na programu iko kwenye seva nyingi mno, kwa hiyo wanaogopa kuvunja kitu. Wana haki. Januari 2025 toleo la 3.4.0 lilitoka kuziba mianya sita ya usalama, na siku iliyofuata tu ikabidi litoke la 3.4.1, kwa sababu viraka vyenyewe vilikuwa vimeleta makosa mapya. Wakati unasubiri, tumia kiraka chako kwenye mashine zako na uongeze kwenye ripoti kile utakachokiona.

## Hali za pembeni

Nimegundua mwanya wa usalama.

Usiuandike hadharani, wala kwenye kundi la simu. Waandikie watunzaji kwa faragha, uwape muda wa kuziba. Na kama seva yako bado iko chini ya 3.4.0, ulizia kwanza kama wasambazaji wa mfumo wako wameshaweka viraka. Kama bado, sasisha leo.

Nina mafaili mawili yenye jina moja kabisa, "Kalémie.csv".

Yanaonekana sawa kwa macho tu. Ile é inaweza kuandikwa kama herufi moja, au kama e ikifuatiwa na alama. Mac za zamani hutumia namna ya pili, Linux huacha kama ilivyopokea. Kwa majina yetu ya Kiswahili hutaliona tatizo hili, ila mafaili yanayovuka kutoka Kongo na Burundi yana Kifaransa tele. Ukituma kutoka Mac kwenda Linux tumia `--iconv=utf-8-mac,utf-8`. Tatizo la jirani yake: `Ujiji.csv` na `ujiji.csv` ni mawili kwenye Linux, na ni moja kwenye flashi ya FAT.

Nimetumia `-u`, mabadiliko yangu hayafiki kabisa.

`-u` huliruka faili ambalo upande wa pili ni jipya zaidi. Laptopu ambayo betri ndogo ya ndani imekufa huamka na tarehe ya miaka ya nyuma, kwa hiyo kila unachohariri kinaonekana cha kale. Rekebisha saa, kisha `touch` mafaili yaliyohaririwa.

`--delete` imenifutia kila kitu. Hiyo siyo hitilafu?

Pole sana. Karibu kila mara kilichotokea ni hiki: flashi haikuwa imefungwa kwa `mount`, folda yake ikawa tupu, rsync ikaambiwa ifananishe upande wa pili na utupu, ikatii. Programu ikikutana na kosa la kusoma huacha kufuta na kukuonya, lakini folda tupu inayosomeka vizuri haina kosa lolote la kusomeka.

Weka faili dogo kwenye flashi, tuseme `.nipo`, na hati yako ya amri ilitafute kabla ya kuanza, isipoliona isiendelee. Ongeza `--max-delete=20`, na `--backup --backup-dir=` ikielekea folda iliyo nje ya ile unayosawazisha, ili kinachofutwa kihamishwe kwanza. Kama limeshatokea, acha kuandika chochote kwenye diski hiyo na uilete mezani kabla hujaiwasha tena.